Mtemi Aliyeimba Bluzi

Enzi zetu, na wenzangu wa rika langu mtanishuhudia, mtu hakuhesabiwa kuwa mtu hapa Tabora mpaka awe na bendi yake. Sisemi bendi ya kupiga, nasema bendi ya kushabikia. Kila bendi ilikuwa na mtindo wake, mtindo ulikuwa na jina, na jina lile ulitembea nalo kuliko hata jina la babu yako. Ukikutana sokoni na mtu wa mtindo mwingine mlisalimiana vizuri, shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, halafu mkaanza kutoleana maneno mpaka muuza nyanya awafukuze. Mimi mwenyewe, binti wa miaka kumi na moja, magoti meupe kwa vumbi, nilikuwa naweza kukueleza kwa kirefu tofauti ya mtindo huu na ule, na huku sikuwahi kukanyaga ndani ya ukumbi wa dansi hata siku moja. Tulisikilizia dirishani, upande wa jikoni, pamoja na mbuzi wa mpishi.

Hiyo ndiyo iliyokuwa tabia yangu tangu utotoni: kujua sana mambo nisiyoyajua. Mama alikuwa akisema, "Zuhura huyu, ukimwonyesha mkia atakutajia rangi ya ng'ombe." Nami nilidhani ananisifu.

Baba alikuwa na duka la vitambaa. Babu zake walitoka Oman wakafuata njia ya misafara, wakafika hapa, wakachoka kutembea, wakafungua duka. Mama alikuwa mtu wa Ziba, mkulima mtoto wa mkulima, na hakuwahi kuuacha mkono wa jembe hata baada ya kuolewa mjini. Kwa hiyo nyumbani kwetu tulikuwa na Kiarabu cha kuswalia, Kiswahili cha biashara na Kinyamwezi cha kugombezea watoto. Asubuhi tulikunywa chai na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa juani, ukivitafuna mpaka taya linauma. Siku ya neema palikuwa na asali ya mwituni. Nani alikuwa na habari ya mkate wa siagi?

Mtu aliyeniharibu ni Mjomba Shija, ndugu yake Mama, aliyekuwa gadi wa treni. Leo yuko Kigoma, kesho yuko Dar es Salaam, keshokutwa yuko kwetu amejilaza mkekani na kofia yake ya kazi juu ya tumbo. Mjomba alikuwa na gramafoni aliyoinunua kwa mtu mmoja aliyekuwa akihama, na kwa sababu chumba chake kule kwenye nyumba za reli kilivuja, aliiweka kwetu. Ilikuwa mashine nzuri, ya betri, ila pembeni palikuwa na kijiti cha chuma kilichovunjika kikabaki kisiki. Hakuna aliyejua kazi ya kisiki kile. Mama alitundikia kitambaa cha kufutia vumbi. Na tujiulize kwa nini? Sahani za bendi zetu, zile ndogo ndogo, zilipiga sawasawa, rumba ikawa rumba na chacha ikawa chacha.

Sasa wakati ule palikuwa na mwalimu mmoja Mmarekani, mtu mweusi kama sisi, aliyekuja kufundisha Kiingereza shule ya sekondari. Alipenda treni, akampenda na Mjomba. Muda wake ulipokwisha, siku ya kuondoka, alimkabidhi Mjomba sanduku lenye sahani nne za santuri, akamwambia, "Hii ndiyo bluzi. Muziki wa nyumbani kwetu." Akaanza kumweleza pale pale kwenye jukwaa la stesheni, sahani moja baada ya nyingine. Kipenga cha kuondoshea treni kilikuwa mdomoni mwa Mjomba mwenyewe, kwa hiyo somo lile lilikuwa refu kidogo.

Sahani zile hazikuwa kama zetu. Kubwa, nzito, ukiangusha moja imekwisha. Katikati kwenye karatasi, maandishi yamefutika kwa kushikwa shikwa, ila namba moja ilionekana wazi kwenye zote nne: sabini na nane. Sahani za bendi zetu zilikuwa na arobaini na tano. Mimi mtaalamu nikaziangalia, nikafikiri, nikapata jibu: ule ni umri wa mwimbaji.

Hamadi, mtoto wa baba yangu mdogo, ambaye alikuwa na akili lakini hakuwa na sauti ya kujitetea, akauliza, "Mbona waimbaji wetu wote wana miaka arobaini na tano?"

Nikamwambia kwamba hapo ndipo serikali inapomruhusu mtu kurekodi. Akaitikia kwa kichwa. Wallahi, hata mimi niliridhika na jibu lile.

Basi tukaweka sahani ya kwanza. Jamani! Sauti ilitoka chini kabisa, nzito, imekokota, kama mtu anaongea kutoka kisimani. Gitaa kavu moja, mguu unapiga sakafu, na mzee analalama. Anasema neno, analirudia lile lile, kisha anajijibu. Mama alikuwa anapepeta mtama uani, akasimamisha ungo.

"Huyu analima," akasema.

Mjomba akashangaa. "Umejuaje? Mwalimu aliniambia hivyo hivyo. Hii ndiyo bluzi ya kwanza, ya mashambani. Walikuwa wakilima pamba."

"Analima peke yake," Mama akasema. "Kwetu Ziba tukilima wengi tunapigiwa ngoma. Ukiachwa peke yako shambani ndivyo unavyoimba. Unasema mara mbili kwa sababu hakuna wa kukuitikia."

Mjomba akaeleza kwamba wale walikuwa wajukuu wa watu waliotolewa huku Afrika kwa minyororo wakauzwa ng'ambo, na ndiyo maana wimbo uko vile. Baba alikuwa akikunja jora la kitambaa. Alilikunja, akalikunjua, akalikunja tena. Njia ya misafara ilipita mtaani kwetu, na kila mtu Tabora alijua kwamba haikupitisha pembe za ndovu tu. Sisi hatukumuuliza. Lakini kuanzia siku ile sahani ya kwanza ikipigwa, alikuwa akiacha kazi na kusikiliza mpaka mwisho.

Sahani ya pili ndiyo iliyoniponza. Mjomba alieleza kwamba baadaye bluzi ilitoka shambani ikaingia mjini, ikapanda jukwaani. Nyuma wakawekwa wapiga tarumbeta na mpiga kinanda, mbele akasimama mwimbaji mmoja mkubwa, mashuhuri kuliko wote, aliyevaa dhahabu shingoni na manyoya ya ndege kichwani. "Mwalimu anasema bibi yake alikuwa akimsikia huyu analia," Mjomba akasema. Yeye alivaa hivi, yeye aliimba vile. Hivyo ndivyo Mjomba alivyoambiwa na hivyo ndivyo alivyotuambia. Tukaiweka. Ikatoka sauti ya mzee wa kutisha, pana, ya taratibu, kila neno limeshushwa kama gunia. Sauti ya mzee, dhahabu shingoni, manyoya kichwani. Sisi watoto wa Unyanyembe tungemfikiria nani? Nikatangaza kwamba huyu ni mtemi, mtawala kama wale wa jadi yetu. Huko Amerika nao wana watemi, na mtemi wao anaimba bluzi. Hakuna aliyenipinga. Jina likashika mtaa mzima: "Zuhura, tuwekee Mtemi."

Ya tatu ilikuwa bluzi ya kinanda, iliyotoka kwenye kambi za wakata magogo na wajenzi wa reli. Mkono wa kushoto wa mpigaji, alisema Mjomba, unakwenda kama magurudumu ya treni. Ukweli yalikuwa magurudumu, lakini ya treni ya mizigo inayopanda mlima na kuni zimekwisha. Mjomba mwenyewe, mtu wa reli, alikuna kichwa. "Mwalimu alisema hii watu huicheza mpaka jasho." Nikamweleza kwamba labda Wamarekani wanatoka jasho upesi.

Ya nne ilikuwa ya umeme. Watu wa mashambani walipanda treni wakaenda kaskazini kutafuta kazi za viwandani, na kumbi za huko zilikuwa na makelele, gitaa kavu halisikiki. Wakalitia umeme, wakaongeza ngoma na kinanda cha mdomo. Hapo hata mimi niliona kitu cha kweli, kwa sababu ndicho kilichotokea kwetu. Kaka zetu waliokwenda mkongeni waliondoka na nyimbo za kulimia, wakarudi na gitaa kavu. Gitaa kavu likapanda treni kutoka upande wa Kigoma likiwa limejifunza rumba ya Kongo. Mwishowe likafika ukumbini kwetu likiwa na waya, likiwa na ndugu zake watatu, solo, rithimu na besi, na saksafoni juu yake. Hilo ndilo jambo pekee la maana nililolisema utoto wangu wote, na nililisema mbele ya Hamadi na kuku.

Utaalamu bila wanafunzi unawasha. Nikaanzisha bendi. Hamadi alipiga gitaa la debe la nyuzi tatu, mdogo wake akapiga ngoma ya kopo la mafuta ya taa, nami nikawa mwimbaji, kiongozi na msemaji. Mtindo wetu niliupa jina "Sabini na Nane". Kuucheza kwake, unainua mguu, unangoja, unafikiria maisha, ndipo unauweka chini. Watoto wa mtaa waliupenda kwa sababu hauchoshi.

Balaa ni pale mtindo ulipoingia shule. Wakati ule ilikuwa elimu ya kujitegemea. Jumatano na Ijumaa kila mtoto alikuja na jembe, na shamba la shule lilikuwa kubwa kuliko shule. Mimi nikawafundisha darasa langu kulima kwa bluzi. Nilitunga mwenyewe, kwa kanuni zote, unasema, unarudia, unajijibu:

*Jembe langu bovu, mpini umelegea,*
*Jembe langu bovu, mpini umelegea,*
*Mwalimu anasema lima, na mvua haijanyesha.*

Jembe lilipanda kwenye "bovu" likashuka kwenye "umelegea". Darasa la sita wakamaliza matuta yao, wakanawa, wakaenda kuchuma matunda ya ntalali porini, sisi bado tuko tuta la pili, tunalalama kwa utulivu mkubwa. Mwalimu wa kilimo akaja na fimbo yake kwapani, akasikiliza ubeti mzima, akasema, "Ujamaa wa mwendo huu tutaujengea ahera." Tukalima matuta ya darasa la saba pia.

Sasa nifike kwenye lenyewe.

Mwaka ule bendi ya ukumbini ilitangaza kwamba itachagua mtoto mmoja kutoka shule za mjini, aimbe nao wimbo mmoja jukwaani siku ya sikukuu ya wakulima, mbele ya watu wote, kwenye kipaza sauti. Uteuzi ungefanyika Jumamosi, ukumbini, baada ya alasiri, na mwamuzi ni kiongozi wa bendi mwenyewe, Bwana Maganga, mpiga solo. Niliposikia nilishindwa kula. Nisiwadanganye, nilikitaka kile kipaza sauti kuliko nilivyotaka pepo. Usiku na mchana nilikuwa nakiona. Tena nilikuwa na sababu ya kukitaka, maana Mungu alinipa sauti. Nilikuwa na sauti ya juu, nyembamba na safi. Siku za maulidi nikisoma kasida, wanawake waliokuwa jikoni walitoka na miiko mkononi kuja kusikiliza. Wengi waliniambia. Mimi nikaona sauti ile ni aibu. Mtaalamu wa bluzi mwenye sauti ya ndege? Mtemi atanionaje?

Kwanza ilibidi Baba akubali. Aliposikia neno bluzi akaweka chini mkasi. Ukumbini neno hilo lilimaanisha ule wimbo wa polepole wa mwisho, taa zikipunguzwa na vijana wakishikana viuno.

"Ile ya kuzima taa?" akauliza.

"Hapana, shemeji," Mjomba akamjibu. "Hii ni ya wazee wa miaka sabini na nane."

Baba akafikiri, akaona wazee wa umri huo hawana madhara. Akakubali. Akasema tu, "Lakini uvae mtandio, na usinitie aibu."

Nilikuwa na wiki tatu za kuua sauti yangu. Nilikula embe mbichi kwa chumvi na pilipili mpaka koo likakwaruza. Niliinamisha kichwa kwenye mtungi mtupu nikanguruma humo. Nilikaa karibu na moshi wa kuni nikiuvuta kwa makusudi. Mama aliposikia ninavyoongea akadhani naumwa, akanipikia tangawizi, ndimu na asali, vikombe vitatu kwa siku, akasimama juu yangu mpaka nimalize. Jioni sauti imekauka, asubuhi imepona. Nakwambia tulipigana mimi na Mama wiki tatu nzima na yeye hana habari kwamba yuko vitani.

Hamadi peke yake ndiye aliyeniambia. Tulikuwa tumekaa nyuma ya nyumba, akaacha kupiga debe lake. "Zuhura, imba kama unavyoimba kasida. Ile nzuri."

Nikamwambia hajui bluzi.

Jumamosi ikafika. Ukumbi ulijaa watoto, walimu, mama zetu, na wale vijana wasiokuwa na kazi ambao hawakosi mahali. Nilikuwa nimevaa koti la kazi la Mjomba, mikono imenifunika mpaka vidole, na fimbo nimeazima kwa jirani. Ili kuimba kama mzee wa sabini na nane, niliona ni vizuri nifike nikiwa na miaka sabini na nane. Kabla yangu aliimba binti mmoja wa Kitete, Ester, wimbo wa kuvuna mpunga, kwa sauti yake ile ile anayoombea maji ya kunywa. Niliona ni mshamba sana.

Wakaniita. Nikapanda ngazi za jukwaa nimeinama, fimbo mbele, nikikohoa. Watu wakaanza kucheka hata kabla sijafungua mdomo. Nikadhani ni furaha. Nikashika kipaza sauti. Kilikuwa cha baridi, kizito, kinanukia bati na sigara. Nikanguruma: "Jeeembe... laaangu..."

Sauti ilitoka kama mlango wa stoo. Ikapasuka katikati, nusu ikaenda juu nusu ikabaki chini. Nikaishusha tena, ikakataa, ikatoka upepo mtupu. Ukumbi ulilipuka. Kuna mama mmoja alikaa chini kabisa sakafuni kwa kucheka. Bwana Maganga akainua mkono, bendi ikanyamaza.

"Binti, unaumwa?"

"Hapana, shikamoo. Hii ni bluzi."

"Marahaba. Bluzi gani ya namna hii?"

Nikamweleza, kwenye kipaza sauti, watu wote wakisikia, kwamba bluzi huimbwa na wazee wa miaka sabini na nane, na kwamba mkubwa wao ni mtemi. Bwana Maganga hakucheka. Nilimpenda kwa hilo, na nampenda mpaka leo. Akauliza kama sahani hiyo ipo. Mjomba Shija, aliyekuwa kajaa fahari mstari wa mbele, akasema ipo, akaenda nyumbani kwa baiskeli akarudi nayo imefungwa kwenye shuka.

Gramafoni ya ukumbi ilikuwa ya aina moja na ya Mjomba, ila kile kijiti cha pembeni kilikuwa kizima. Bwana Maganga akaitazama sahani, akaona namba, akatabasamu kidogo. Akasukuma kijiti mpaka mwisho, kwenye mwendo wa mizunguko sabini na nane kwa dakika. Akaweka sindano.

Alikuwa mwanamke.

Alikuwa mwanamke, jamani, na sauti yake ilikuwa ya juu, imesimama wima, inapita juu ya tarumbeta zote bila kutumia nguvu. Wimbo ulikuwa mwepesi, unatembea, miguu ya watu ikaanza kujigonga yenyewe. Dhahabu yake, manyoya yake, vyote vikaingia mahali pake. Mama alisimama kule nyuma akasema kwa sauti, mbele za watu, "He! Zuhura, si ni sauti yako hiyo!"

Mama hakuwa anatania. Na kweli ilikuwa yangu, yangu ikiwa imekua. Nilikuwa nimesimama ndani ya koti la Mjomba nikisikiliza sauti niliyoitafuna kwa embe mbichi wiki tatu.

Ukumbi ukacheka upya, safari hii kwa sababu ya mtemi. "Mtemi kajifungua!" kijana mmoja akapiga kelele. Mjomba naye alikuwa anacheka mpaka kofia imeanguka, akishika kichwa, akisema, "Mwaka mzima! Mwaka mzima tunamkokota mama wa watu!" Mtu mwenye moyo angecheka nao. Bwana Maganga akainama mpaka usawa wangu.

"Haya, mwanangu. Sasa umemsikia. Vua koti, uimbe kama yeye. Tunakusubiri."

Bendi ilikuwa tayari. Mpiga besi alikuwa ameshaanza taratibu, ananipa njia. Koo langu lilikuwa bovu, lakini si bovu kiasi hicho. Mama alikuwa amenipa asali asubuhi ile ile. Ningeweza. Hilo ndilo ninalolijua mimi peke yangu, na sikuwahi kumwambia mtu: ningeweza. Nikaangalia wale watu wanaofuta machozi ya kicheko, nikaacha fimbo pale pale, nikashuka ngazi, nikatoka mbio na koti linaburuzika nyuma yangu.

Jumatatu Bwana Maganga alimtuma Mjomba. "Mwambie yule binti wa koti aje Jumamosi nyingine. Sijaamua bado." Mjomba alinibembeleza. Hamadi alinibembeleza. Hata Baba, mtu wa maneno machache, alisema, "Nenda, basi." Nikasema muziki wenyewe sio mzuri. Nikasema nina masomo ya madrasa. Nikasema bluzi ya mwendo ule mimi siijui, nayo ni ya kitoto. Jumamosi nilikaa ndani nikachambua mchele uliokuwa umeshachambuliwa, mpaka nikasikia adhana ya magharibi nikajua wamefunga.

Sikukuu ilipofika Ester wa Kitete aliimba. Alivaa gauni la njano. Aliimba vizuri, na nilikuwepo, dirishani, upande wa jikoni.

Miaka ikapita. Watu wakahamishiwa vijijini, ndugu zake Mama kule Ziba wakapangwa kwenye mistari ya nyumba mpya, shule zikaongezeka, sukari ikapungua. Bendi ikavunjika kama zinavyovunjika bendi, mwimbaji huyu kaenda huku, mpiga solo kaenda kule. Mjomba alipostaafu sahani tatu zilikuwa zimepasuka. Mimi nikasomea unesi, nikaolewa, nikazaa, nikazika. Kasida niliacha mwaka ule ule. Walioniuliza niliwaambia kwamba gramafoni ya Mjomba iliniharibia maisha, na kisa cha mtemi nimekisimulia harusini na matangani, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, nami nikawa maarufu kwa kukisimulia. Sehemu ya Jumatatu, ya ujumbe wa Bwana Maganga, huwa naiacha. Leo ndiyo mara ya kwanza naisema.

Vijana wa siku hizi nawacheka sana. Mjukuu wangu Rukia ana umri niliokuwa nao wakati ule. Anaimba akifagia, anaimba akioga, anajirekodi kwa simu, anakosea, anacheka, anaiweka mtandaoni na makosa yake, watu wa Mwanza na watu wasiojulikana wanamwandikia. Hana bendi ya kushabikia wala mtindo wa kugombania. Ukimuuliza wimbo huu umetoka wapi, baba yake nani, mama yake nani, anakutazama tu. Kwake nyimbo zote zimezaliwa juzi. Sisi tulikuwa na sahani nne tukazijua mpaka mikwaruzo yake. Hawa wana nyimbo zote za dunia mfukoni na hawamalizi hata moja. Na heshima ya jukwaa hawana. Huwa nawaambia wenzangu kwamba kizazi chetu kilikuwa na haya, na wenzangu wanatikisa vichwa, kweli, kweli. Haya ilikuwepo, sikatai. Lakini ile yangu ilikuwa woga tu, nikauvalisha mtandio.

Juzi Rukia aliniletea simu. Alikuwa amemsikia mama yake akisema kwamba zamani Bibi alikuwa na sauti. "Bibi, imba kidogo nikurekodi. Chochote."

Akanyanyua simu, akangoja. Nikamwambia nina mafua.

"Basi kesho, Bibi?"

Nikasema inshallah. Nilitumia ile inshallah yetu ya kukatalia, na mtoto naye amezaliwa Tabora, anaijua. Akaitikia kwa adabu, akaenda zake nje.

Kesho yake niliamka mapema. Nikanywa maji ya moto, nikajaribu koo kidogo chooni ambako hakuna mtu, nikabadilisha kanga, nikakaa sebuleni mpaka adhuhuri. Rukia alipita mara tatu, mara moja akiimba. Hakuniuliza tena.